Gazeti la Miezi Kumi na Mitatu

Asubuhi ya tarehe 16 Oktoba 1830, wakati watu wa Paris walikuwa hawajasahau harufu ya baruti ya mwezi wa Julai, lilitoka katika matbaa za mji ule gazeti jipya lililoitwa L'Avenir, maana yake Wakati Ujao, na juu ya ukurasa wake wa kwanza yalikuwa yamepigwa chapa maneno mawili ambayo kwa wenyeji wa nchi ile, marafiki wa dini na mahasimu zake kwa pamoja, hayakuwa yakidhaniwa kwamba yaweza kukaa nyumba moja: Mungu na Uhuru.

Wapendao uhuru katika Ufaransa walikuwa wameliona Kanisa, kwa muda wa miaka kumi na mitano, limesimama ubavuni mwa kiti cha enzi cha wafalme wa ukoo wa Bourbon, likiwaombea dua na kula katika sahani yao; na wapendao dini nao walikuwa na kumbukumbu zao, kwani ni kwa jina la uhuru watu wa mapinduzi ya 1789 walitwaa mali ya Kanisa, wakawatoa watawa katika nyumba zao, na hatimaye wakawapandisha mapadri wengi penye gilotini. Hata katika siku zile tatu za Julai 1830, alipoanguka Mfalme Charles X na mahali pake kushikwa na Louis-Philippe, nyumba ya askofu mkuu wa Paris ilivamiwa na kuporwa, na mapadri wakachelea kupita njiani wakiwa na kanzu zao. Katika hali hiyo ndipo padri mmoja alipothubutu kuandika kwamba Kanisa halina la kuogopa katika uhuru, na kwamba linalopasa kuogopwa ni ule urafiki wake na wafalme.

Padri huyo aliitwa Félicité de Lamennais. Alizaliwa mwaka 1782 katika Saint-Malo, bandari ya Bretagne iliyozungushiwa ukuta wa mawe na kupigwa na mawimbi, baba yake akiwa tajiri wa merikebu. Mama alikufa angali mtoto mdogo, na elimu yake aliipata zaidi kwa kujifungia katika vitabu vya ami yake kuliko kwa mwalimu yeyote. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba, wa afya dhaifu na fikira zisizolala. Komunyo ya kwanza hakuipokea mpaka alipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na daraja ya upadri aliipokea mwaka 1816 baada ya kusitasita sana, akisukumwa na marafiki kuliko kuvutwa na raha ya moyo wake. Kaka yake Jean-Marie, padri pia, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa: mtulivu, mwenye kujenga shule kijiji kwa kijiji, mwanzilishi wa Mabruda wa Mafundisho ya Kikristo, wale wale ambao mwaka 1926 walifika Kisubi, Uganda, na kulea huko vijana wengi wa nchi zetu. Ndugu hawa wawili walipendana, na walianza kazi ya kalamu pamoja. Baadaye walitengana, na hiyo ni sehemu moja ya huzuni ya kisa hiki.

Mwaka 1817 Félicité alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa, juu ya ubaya wa watu kutojali mambo ya dini, na mara moja jina lake likaenea Ulaya nzima. Yapasa msomaji ashike jambo hili barabara, maana bila ya hilo hayataeleweka yatakayofuata: mtu huyu hakuanza kama mshindani wa Papa. Katika nchi ambayo maaskofu wengi walishikilia kwamba mfalme ana neno katika mambo ya Kanisa la Ufaransa, na kwamba mamlaka ya Roma yana mipaka yake, yeye alisimama upande wa Roma bila kurudi nyuma hatua moja, hata mahakama ya mfalme ikamtoza faini mwaka 1826 kwa kuishambulia itikadi hiyo. Alipokwenda Roma mwaka 1824 Papa Leo XII alimpokea kwa heshima. Mapenzi yake kwa Kiti cha Petro yalikuwa makubwa, na labda yalikuwa makubwa mno, kwani mtu akimpenda mwenziwe kwa sura aliyojichorea mwenyewe moyoni, siku atakapoiona sura ya kweli hataweza kuisamehe.

Wenzake katika gazeti walikuwa vijana. Henri Lacordaire alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, wakili aliyeacha mahakama akawa padri, mwenye ulimi ambao wasikilizaji wake hawakuusahau maisha yao yote. Charles de Montalembert, mzaliwa wa London, mwana wa bwana mkubwa wa Ufaransa, alikuwa na miaka ishirini tu. Alikuwa safarini Ireland, akitazama jinsi O'Connell alivyowaongoza Wakatoliki maskini wa kisiwa kile kudai haki zao, alipopata habari za gazeti, akaandika barua kuomba apewe mahali humo. Walikuwapo na wengine, mapadri na walei, lakini hawa watatu ndio waliobeba mzigo, na ndio watakaoonekana mbele ya Papa.

Hoja zao zaweza kuelezwa kwa maneno machache, ingawa wao waliziandika kila siku kwa maneno mengi na ya moto. Tangu mapatano ya 1801 baina ya Napoleon na Papa Pius VII, serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa ikiwateua maaskofu na kuwalipa mapadri mishahara, kuwa fidia ya mali iliyotwaliwa. Gazeti likasema: anayekupa mshahara ndiye atakayekuchagulia maneno, basi Kanisa na liuache mshahara huo, lirudi katika umaskini wa mitume, na kwa malipo ya umaskini huo lipate uhuru wake. Wakadai uhuru wa dhamiri kwa watu wote, uhuru wa kufundisha, uhuru wa kupiga chapa, uhuru wa kuunda jumuiya, na uchaguzi wenye kuwashirikisha raia wengi zaidi. Waliwatetea Wabelgiji waliojitenga na mfalme wa Uholanzi, na Wapolandi waliomwasi mfalme wa Urusi, na kwa ajili ya Waairish wenye njaa wakachangisha fedha. Leo madai haya mengi yanaonekana kama mambo ya kawaida, lakini wakati ule padri wa shamba, ambaye mshahara ule mdogo ndio uliokuwa mkate wake na mafuta ya taa ya altare yake, alipolisoma gazeti alitetemeka, nami sina ujasiri wa kumlaumu.

Serikali ndiyo iliyotangulia kupiga. Mwezi wa Novemba 1830 matoleo mawili yalikamatwa, mojawapo likiwa na makala ambamo Lacordaire aliwaambia maaskofu wa Ufaransa kinaganaga hatari ya kuwapokea wenzao walioteuliwa na dola isiyoipenda dini. Tarehe 31 Januari 1831 Lamennais na Lacordaire wakasimama mbele ya wazee wa mahakama, kesi ikaendelea hadi usiku, wakaachiliwa, na watu wakashangilia. Mwezi wa Mei wale vijana wakafanya jambo la ushujaa zaidi: katika mtaa wa Beaux-Arts wakapanga chumba, wakakifanya darasa bila idhini ya serikali, iliyokuwa imejiwekea peke yake haki ya kutoa ruhusa ya kufundisha. Lacordaire, wakili wa zamani na padri wa sasa, akakaa kitako na watoto wachache kuwafundisha masomo ya awali. Kabla wiki haijatimia askari wa polisi walikuja wakawatoa watoto nje na kuufunga mlango. Kwa kuwa baba yake Montalembert alifariki wakati huo, na cheo chake cha kuketi katika Baraza la Mabwana kikamshukia mwanawe, kesi ilibidi isikizwe katika baraza lile lenyewe. Na huko, mwezi wa Septemba, kijana wa miaka ishirini na mmoja alijitetea mbele ya wazee wenye nishani vifuani, wakamsikiliza kwa upole wa babu kwa mjukuu, kisha wakamtoza faranga mia moja.

Lakini jeraha lililowaumiza halikutoka serikalini. Maaskofu, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameanza kulikataza gazeti katika seminari zao, na padri aliyeonekana nalo mkononi alitazamwa kwa jicho la shaka. Yako mambo mawili ya kuyatenganisha hapa. Askofu ana wajibu wa kuilinda imani ya watu wake, na gazeti lile, kwa haraka ya vijana na ukali wa mkubwa wao, lilisema mambo yasiyopimwa, likiwasimanga watu waliokuwa na mvi za utumishi na walioonja uhamisho zamani za mapinduzi. Hata hivyo wengi wa maaskofu hao walichukizwa zaidi na jambo la pili, ambalo halikuhusu imani kamwe, nalo ni kwamba watu wasio na wadhifa walikuwa wakiyazungumza hadharani, kila asubuhi, kwa bei ya nakala moja ya gazeti, mambo ambayo tangu zamani yalizungumzwa baina ya askofu na waziri milango ikiwa imefungwa. Wanunuzi wakapungua, deni likazidi, na tarehe 15 Novemba 1831 gazeti likasimamishwa.

Lacordaire ndiye aliyetoa shauri la kwenda Roma. Ikiwa maaskofu wanatushuku, alisema, na twende kwa mkuu wao, tumwekee maandishi yetu miguuni, aseme yeye. Shauri hili lilitoka katika moyo safi, na ndilo lililowaangamiza, kwa kuwa mwenye kwenda kumtaka mtawala hukumu asiyokuwa tayari kuitoa amemlazimisha ama kunyamaza ama kukata. Wakajiita mahujaji wa Mungu na uhuru, wakasafiri katika baridi kali, wakaingia Roma mwisho wa mwezi wa Desemba.

Papa wa wakati huo alikuwa Gregori XVI, mtawa wa Wakamaldoli, mtu mwenye ilimu na maisha ya kujinyima, aliyechaguliwa mwezi wa Februari 1831. Alikuwa hajamaliza sherehe za kutawazwa wakati ghasia zilipozuka Bologna na katika miji mingine ya milki yake, kwani Papa siku hizo alikuwa pia mfalme wa nchi, mwenye askari na magereza. Na ghasia hizo zilizimwa kwa majeshi ya Austria. Basi mtu huyu, ambaye neno uhuru alilisikia kwanza katika vinywa vya waasi wake, na ambaye usalama wa kiti chake ulitegemea bunduki za mfalme wa kigeni, ndiye aliyeombwa na Wafaransa watatu abariki uhuru wa mataifa. Mabalozi wa Austria, Urusi na Ufaransa nao hawakulala, kila mmoja akinong'ona pale aliponong'oneka.

Wasafiri walikabidhi maelezo yao kwa maandishi, kazi ya mkono wa Lacordaire, wakangoja. Jibu la kwanza lililetwa na Kardinali Pacca mwishoni mwa Februari 1832, nalo lilisema kwamba jambo lao litachunguzwa kwa muda mrefu, na kwamba wanaweza kurejea kwao. Lacordaire alikifahamu kitendawili hicho mara moja: Roma ilikuwa ikiwapa fursa ya kunyamaza bila kuaibishwa. Lamennais hakutaka kufahamu. Alitaka kuonana na Papa, na tarehe 13 Machi akapewa ruhusa, kwa sharti kwamba lisitajwe hata kidogo jambo lililowaleta.

Katika historia yote ya gazeti hili hakuna saa inayonishughulisha kama robo saa ile. Upande mmoja ameketi mzee mwenye mamlaka juu ya dhamiri za watu milioni nyingi, mpole wa uso, anayemsifu Jean-Marie kwa shule zake. Upande wa pili amepiga magoti mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano aliyatetea mamlaka hayo kuliko kardinali yeyote, na aliyevuka milima kuuliza swali moja tu. Yakazungumzwa mambo mengine. Zikatolewa baraka, na mlango ukafunguliwa. Lau Papa angemwambia ana kwa ana, hata kwa ukali, mwanangu umekosea hapa na hapa, rudi ukarekebishe, siwezi kudai kwa yakini kwamba mambo yangekuwa mengine, kwani Lamennais alikuwa mtu mwenye kiburi cha fikira. Lakini kukaripiwa usoni ni haki ya mwana, naye haki hiyo hakupewa.

Lacordaire akarudi Ufaransa upesi. Lamennais akabaki hadi Julai, akikaa Frascati, mwenyeji wake akiwa Padri Ventura wa shirika la Wateatini, na huko zikamfikia habari mbili: kwamba maaskofu wa kusini ya Ufaransa, wakiongozwa na askofu mkuu wa Toulouse, wameandika orodha ya maneno hamsini na sita ya maandishi ya kundi lake yanayostahili kulaaniwa, na kwamba Papa, kwa barua ya tarehe 9 Juni, amewaagiza maaskofu wa Polandi wawafundishe watu wao kumtii mfalme wa Urusi, baada ya Warszawa kuanguka na wazalendo kunyongwa au kuhamishwa. Nadhani habari hizo ndizo zilizouvunja moyo wake, kabla ya waraka wowote kutajwa jina.

Wakirejea kwa njia ya Ujerumani, yeye na Montalembert wakakutana na Lacordaire mjini Munich. Tarehe 30 Agosti maulamaa na mafundi wa sanaa wa mji ule waliwafanyia karamu, na karamu ikiwa imechangamka, Lamennais akaitwa nje akapewa bahasha. Ndani yake mlikuwa na waraka wa Papa uitwao Mirari vos, uliotiwa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria mbinguni, pamoja na barua ya Kardinali Pacca. Akarudi mezani, akakaa, akamnong'oneza Lacordaire kwamba umekuja waraka dhidi yao na kwamba hapana budi kutii. Karamu ikaendelea bila wenyeji kujua lolote.

Waraka haukutaja jina la mtu wala la gazeti. Ulilaani, kwa maneno makali kabisa, uhuru wa dhamiri kwa kila mtu, uhuru wa kupiga chapa, na kutenganishwa kwa Kanisa na dola, ukawahimiza watu wawatii wafalme wao. Barua ya kardinali ndiyo iliyosema wazi; humo Lamennais aliambiwa kwamba, fauka ya mafundisho yenyewe, Baba Mtakatifu amesikitishwa kuona wahariri wakiyaleta mbele ya umma, na kuyaamua wao, mambo nyeti ambayo kuyapima ni kazi ya wale wanaoliongoza Kanisa na dola. Tarehe 10 Septemba, mjini Paris, wahariri walitangaza kwamba kwa kulitii neno la Papa gazeti halitatoka tena, na jumuiya yao ya kutetea uhuru wa dini imevunjwa.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha utii. Lakini wapo watu ambao hawakuridhika na kimya, wakataka na moyo pia. Barua za siri ambazo Lamennais aliwaandikia marafiki zake zilifunguliwa njiani na watu wa Metternich, waziri mkuu wa Austria, nakala zikafikishwa Roma. Huko zikaonekana kuwa dalili kwamba mdomo umetii na nafsi haijatii. Akadaiwa tamko, kisha tamko jingine, kila moja likiwa na masharti mapana kuliko la kwanza, mpaka tarehe 11 Desemba 1833 akatia sahihi mbele ya askofu mkuu wa Paris bila kuweka sharti lolote, akimwambia Montalembert baadaye kwamba alitia sahihi kwa kutaka amani tu. Siku kama ile ile, mwaka mmoja kabla yake, Lacordaire alikuwa ameondoka kimya katika La Chênaie, nyumba ya Lamennais kule Bretagne, akimwachia bwana wake barua ya kumuaga kwa kuwa hakuweza kuagana naye kwa mdomo.

Amani haikupatikana. Mwaka 1834 Lamennais alitoa kitabu kidogo, Paroles d'un croyant, kilichoandikwa kwa mtindo wa manabii, chenye kuwalaani wafalme na kuwaliwaza maskini, kikasomwa katika karakana na viwanda kama kilivyosomwa katika majumba makubwa. Tarehe 25 Juni Papa akatoa waraka wa pili, na safari hii kitabu kilitajwa kwa jina. Tangu hapo hakuwa tena mtu wa Kanisa. Marafiki wakajitenga naye mmoja mmoja. Montalembert, aliyempenda kama baba, alikawia kuliko wote, akatii mwezi wa Desemba.

Na hao waliotii hawakupotea. Mwaka 1835 Lacordaire alipanda mimbari ya Notre-Dame, vijana wa Paris wakajaa hadi milangoni kumsikiliza; miaka michache baadaye alivaa kanzu nyeupe ya Wadominiko akalirudisha shirika hilo Ufaransa, mahali ambapo mapinduzi yalikuwa yamelifuta. Montalembert alipigania shule miaka ishirini, mpaka sheria ya 1850 ikaufungua ule mlango uliofungwa na polisi katika mtaa wa Beaux-Arts. Mwaka 1863, mjini Mechelen, alisimama tena akanena juu ya Kanisa huru katika dola huru. Akaonywa kwa barua kutoka Roma, akameza uchungu wake, akafa 1870 akiwa bado katika shaka ya wakubwa. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha tamko juu ya uhuru wa dini, kwa kura 2,308 dhidi ya 70, likikiri kwamba kila binadamu ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya dhamiri yake. Nalisoma tamko hilo na furaha yangu haikamiliki, kwa sababu ya mtu mmoja.

Mtu huyo aliishi miaka ishirini baada ya kulaaniwa. Alifungwa mwaka mzima katika gereza la Sainte-Pélagie kwa kuikosoa serikali. Mwaka 1848 watu wa Paris wakamchagua kuwa mbunge, akaanzisha gazeti jingine, likafa kwa sheria iliyowataka wenye magazeti waweke dhamana ya fedha ambayo maskini hawawezi kuipata. Mwishoni mwa Februari 1854 aliugua. Jamaa yake mmoja alimuuliza kama anataka aitiwe padri, akasema hapana. Tarehe 27 akafariki.

Alikuwa ameacha wasia kwamba azikwe kati ya maskini, kama wanavyozikwa maskini, bila kupitishwa kanisani. Jeneza lilipelekwa Père Lachaise asubuhi mapema ya tarehe 1 Machi, polisi wakiwazuia watu wasilifuate, na siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Majivu, hata katika kila kanisa la mji mapadri walikuwa wakiwapaka waumini majivu katika paji la uso. Likateremshwa katika handaki la watu wote, pamoja na majeneza mengine. Mchimba kaburi akauliza kama kuna msalaba wa kusimikwa hapo, akajibiwa kwamba hakuna.